Usukani wa Trekta la Wakfu



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: mama na dada zetu mlioko Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, nanyi nyote ambao riziki imewatawanya mbali na bahari kama ilivyotutawanya sisi, wiki hii twaomba ruhusa tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana geni katika kurasa za familia. Jambo lenyewe ni usukani wa trekta uliokuwa ukiharibika, ukitengenezwa, kisha ukiharibika tena. Twalieleza kwa sababu ndani yake mna suala la amana, na kwa sababu lilikaribia kutugharimu maisha ya mtoto.

Sisi ni akina mama tisa wenye asili ya Pwani tunaoishi upande wa magharibi wa Nairobi, baina ya Kawangware, Riruta na Dagoretti. Marehemu mzee wetu mmoja, Mungu amrehemu, kabla ya kufariki kwake aliliweka wakfu trekta lake dogo pamoja na tela lake, ili pato lake liwasaidie mayatima wa madrasa yetu kwa karo, sare na chakula cha mchana. Sisi alitukabidhi usimamizi. Kijana mmoja mwaminifu huliendesha kwa ujira, akabeba samadi, majani ya ng'ombe, kokoto na mapipa ya maji kwa kila anayekodi.

Trekta lenyewe ni la Kijapani, la zamani, nalo liliingia nchini likiwa limeshatumika. Yafaa ieleweke kwamba matrekta madogo ya namna hii, yanayoundwa na makampuni kama Kubota na Yanmar, yalipata umbo lake kutokana na kilimo cha Japani, ambako mashamba ya mpunga ni madogo na udongo wake ni tope laini. Ni mashine nyepesi, hodari na zenye kudumu. Lakini njia zetu za Dagoretti si tope la mpunga. Ni udongo mwekundu uliojaa mawe na mashimo, na kila shimo hulipiga gurudumu la mbele kama nyundo.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Dereva alitwambia kwamba usukani umelegea, kwamba akiuzungusha kiasi cha robo ya duara magurudumu hayaitiki. Gereji ya kwanza ilibadilisha kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachounganisha fito za usukani na gurudumu, ambacho mafundi hukiita tairodi endi. Tukalipa shilingi 4,200, na trekta likaenda kama jipya. Baada ya wiki saba kiungo kilekile kikalegea. Gereji ya pili ikaweka kingine, na mkono wa chuma uliokuwa umepinda ikaunyoosha kwa moto na kuupiga weldi. Tukalipa shilingi 7,500. Safari hii hazikutimia wiki tano.

Mara ya tatu haikuwa kulegea tu. Trekta lilikuwa likiteremka bondeni na tela la samadi, muda wa alasiri, watoto wakielekea madrasa. Kiungo kikachomoka. Gurudumu la kushoto likageuka nje peke yake, nao usukani ukabaki mkononi mwa dereva ukizunguka bure, haushiki kitu. Trekta likaacha njia, likavunja ua wa michongoma na kusimama katika majani. Binti wa miaka minane, juzuu yake kifuani, alikuwa hatua nne hivi kutoka pale. Hakuguswa, alhamdulillahi. Jioni ile hatukuweza kula.

Siku ya pili tulikutana. Yalitolewa mashauri mawili. La kwanza lilikuwa kununua kiungo cha nne na kuendelea, kwani karo za muhula zilikuwa zimekaribia. La pili lilikuwa kuliuza trekta. Mnunuzi alikuwapo, tena mwenye haraka, wala hakuuliza habari za usukani. Tukaenda kumwuliza sheikh wa madrasa. Akatujibu kwa upole kwamba mali ya wakfu haiuzwi madhali yaweza kutengenezwa na kuleta manufaa yaliyokusudiwa. Kisha akatukumbusha kisa kinachojulikana cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka na kukuta ndani kumelowa hali juu ni kukavu, akamkemea mwenye kuuza. Hata kama trekta lingekuwa letu wenyewe, akasema, kulinyamazia gonjwa hilo mbele ya mnunuzi kungekuwa ni kuificha nafaka iliyolowa, na tofauti ni kwamba nafaka hii huua.

Basi tukaafikiana mambo mawili: trekta lisitoke uani mpaka chanzo cha maradhi kijulikane, na karo ya muhula tuichange mifukoni mwetu. Haikuwa rahisi. Wawili kati yetu ni wajane wanaouza mahamri alfajiri, nao walitoa kama wengine walivyotoa.

Tulielekezwa kwa fundi mmoja mzee wa upande wa Uthiru. Alipofika hakushika spana. Aliomba kiti, kisha akauliza: kiungo kimeharibika mara ngapi, upande gani, baada ya muda gani, na trekta likiwa limebeba nini? Hapo ndipo faida ya daftari ilipodhihiri. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mweka hazina wetu huandika kila senti. Tukamfungulia. Mara tatu, zote upande wa kushoto. Wiki saba, kisha pungufu ya tano, kisha tatu. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba kiungo kikifa mara moja huenda ni kibovu, lakini kikifa mara tatu mahali pamoja, tena kila mara upesi zaidi, basi kuna kinachokiua.

Alivyokitafuta kinachokiua twaona ni vyema tukieleze, kwani njia yake yafaa kwa mashine yoyote. Kwanza, trekta likiwa limesimama chini, alimwamuru dereva azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, polepole, naye akainama na kutazama kiungo baada ya kiungo kutoka kwenye sanduku la usukani hadi gurudumuni. Alikuwa akitafuta mahali ambapo upande mmoja unasogea na wa pili umetulia, kwani hapo ndipo mwendo unapopotelea. Kisha akaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu makubwa, akapiga jeki chini ya mwili wa trekta, si chini ya ekseli, ili ekseli ya mbele ining'inie. Akashika gurudumu na kulisukuma mbele na nyuma, halafu juu na chini.

Ekseli yote ikacheza. Ekseli ya mbele ya trekta hushikwa katikati na pini moja nene, ili iweze kuinama upande huu na huu ardhi isipokuwa sawa. Pini ile na bushi yake zilikuwa zimelika hata tundu la duara limekuwa umbo la yai. Kwa hiyo kila gurudumu lilipogonga jiwe, ekseli nzima ilirudi nyuma, na mzigo wote ukaangukia fito ya usukani. Fito hiyo imeundwa kwa kusukuma na kuvuta tu, wala si kwa kubeba ekseli. Tena upande wa kushoto nguzo ambayo gurudumu hugeukia, ile waitayo kingpini, ilikuwa kavu kabisa. Tundu la kupitishia grisi lilikuwa limezibwa na rangi iliyopakwa siku nyingi ili trekta lipendeze. Ndiyo maana kushoto ndiko kulikokuwa kukitangulia kufa.

Kuhusu ule mkono uliopigwa weldi, mzee alituonyesha ufa mwembamba kama unywele pembezoni mwa ule mshono. Akasema chuma cha usukani kilichopinda hakinyooshwi wala hakiungwi, bali hutupwa, kwa sababu moto hukipunguzia nguvu bila jicho kuona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huu haukuwa ufa wa kuzibwa. Tuliutupa.

Siku ya Jumamosi wanne wetu tuliteremka mjini tukiwa na vipuri vikuukuu ndani ya kikapu, vimefungwa kwa gazeti. Tuliswali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, kisha tukashuka kuelekea barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa Nairobi hadi leo huiita Grogani kwa jina lake la enzi za ukoloni. Ni mtaa wa vipuri, duka kwa duka, na mwanamke mwenye buibui anayeuliza bei ya bushi hutazamwa mara mbili. Hatukujali. Mzee alikuwa ametufundisha: msinunue kwa jina, nunueni kwa kulinganisha. Kile kijiti cha kiungo ni chembamba juu na kinene chini, nacho sharti kikae katika tundu lake sawasawa bila kutikisika. Kiungo cha gari jingine chaweza kuingia kisikae, na kikitikisika hulila tundu. Hesabu za nyuzi za nati zilingane. Kichwa kizunguke kwa uzito wa wastani, bila kuchezacheza. Mpira unaozuia vumbi uwe mzima.

Dukani kwa kwanza tuliambiwa kiungo cha pikapu kitafaa. Tukakipima, kikatikisika. La pili halikuwa na kitu. Mwenye duka la tatu alikipima chetu kwa kipimo, akatwambia kwa insafu kwamba chake si chenyewe, akatuelekeza kwa jirani yake, akakosa biashara kwa ukweli wake. Mungu ampe badala iliyo bora. Kwa jirani tulikipata. Bushi hazikupatikana popote, basi tukaenda kwa mkerezaji chuma, naye akatukerezea za bronzi na pini mpya kwa vipimo vya zile za zamani, sisi tumesimama mlangoni tukitazama chuma kikiteremka kama maganda ya chungwa. Tulimkumbuka Nabii Daudi (a.s.), aliyelainishiwa chuma na Mola wake, tukaona kwamba ufundi huu una nasaba tukufu.

Kazi ilichukua siku mbili. Tundu la ekseli likachongwa hata likarudi duara, bushi zikapigwa, kingpini ikasafishwa na njia yake ya grisi ikafunguliwa. Nati zikafungwa na vipini vyake vya kuzizuia zisifunguke, ambavyo mara zote tatu za kwanza havikuwa vimewekwa. Mwisho mzee akapima umbali baina ya magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, akarekebisha fito mpaka mbele kukawa kumebana kwa milimita chache, ili trekta lishike njia. Gharama yote, pamoja na nauli, ilikuwa shilingi 27,800. Ni zaidi ya matengenezo yote matatu yaliyopita tukiyajumlisha. Lakini yale tungeendelea kuyalipa hadi siku ya msiba.

Trekta lilijaribiwa kwanza uwanjani bila tela, kisha na tela tupu, kisha na mzigo. Leo ni mwezi wa nane, na kiungo cha kushoto hakijalegea. Mayatima wamerudi kulipiwa karo na pato la wakfu wao.

Mafunzo tuliyoyatoa twayaandika kwa ufupi, kwa kila familia yenye mashine, iwe trekta, gari, pikipiki au mashua ya injini. Jambo la kwanza ni kuandika kila tengenezo: tarehe, upande, kipuri na bei. La pili ni kumwuliza fundi kwa nini kimeharibika kabla ya kumwuliza kitagharimu kiasi gani. La tatu ni kutia grisi kila baada ya saa 10 za kazi na kuhakikisha inatokea upande wa pili, kwani grisi isiyotokea haikufika. Usukani ukilegea hata kidogo, chombo kisimame siku hiyohiyo. Na watoto, mama zangu, wasipandishwe juu ya mabawa ya trekta wala juu ya tela, hata wakilia, hata safari ikiwa fupi.

Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Mtoto yule aliokolewa na qadari ya Mola wake, nasi twashukuru. Lakini shukrani ya neema hiyo ilikuwa ni kuinama chini ya ekseli na tochi, na kutafuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee aliyeacha wakfu huu, ambariki fundi wetu katika mikono yake, awalinde watoto wetu wote njiani waendapo chuoni na warudipo, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana tulizokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.