Njia za Mji wa Mullingar



Mama yangu ni muuguzi katika nchi ya Ireland. Aliondoka nikiwa darasa la sita, na kwa miaka minne tulizungumza kwa simu tu. Sitaficha: moyoni nilimwekea kinyongo. Likizo ya Juni nilikwenda kumwona Mullingar, mji mkuu wa jimbo la Westmeath, ulio bara, kilomita 80 hivi kutoka Dublin. Nilipanda gari la moshi liendalo Sligo, na baada ya saa moja na kitu nikafika. Mama alikuwa akiningoja. Nilimwamkia kwa mkono tu, kama mgeni.

Pale stesheni reli zinagawanyika. Upande mmoja ni wa Sligo. Upande wa pili, wa Athlone, majukwaa ni matupu. Nikauliza sababu, na mama akanieleza. Kwanza ulichimbwa mfereji uitwao Royal Canal, ukafika Mullingar mwaka 1806, na mashua zikawa zinavutwa na farasi. Mwaka 1845 kampuni ya reli iliununua mfereji wote ili ijenge reli kando yake, na mwaka 1848 gari la moshi likafika. Mfereji ukadhoofika, hata ukafungwa mwaka 1961. Kisha motokaa nazo zikaishinda reli, na mwaka 1987 treni za abiria za Athlone zikakoma.

"Basi kila njia huuawa na mwenzake," nikasema.

Mama akacheka. "Ngoja kesho, mwanangu."

Kesho yake nikaona. Mfereji ulifunguliwa tena mwaka 2010, na mashua zinapita. Njia ya reli ya Athlone, tangu mwaka 2015, ni njia ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli, kilomita 40 hivi. Tukaifuata, mama na mimi. Hapakuwa na motokaa wala kelele, ila ndege na ng'ombe malishoni. Huko mama akanisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyolia usiku wa kwanza, na kwamba karo zetu na dawa za bibi zilitoka katika kazi ile. Nami nikamwambia kinyongo changu chote. Akasimama, akasema, "Ulikuwa na haki ya kukasirika. Nilipaswa kukueleza kabla sijaondoka."

Tuliporudi ilikuwa saa tatu usiku, na jua la kule lilikuwa halijatua. Miguu iliniuma, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Mullingar waliziacha njia zao za zamani, lakini hawakuzifukia, walipozihitaji, walizikuta. Wenzangu, kama kuna mzazi au ndugu ambaye hamjasemezana siku nyingi, msidhani njia imekufa. Nendeni mkaitembee.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu