Kutoka Tanga hadi Lushoto: pikipiki saba, mwendo mmoja

Jumamosi moja ya Julai, saa 12 asubuhi, pikipiki saba zilikuwa zimepangwa kando ya kituo cha mafuta jijini Tanga. Waendeshaji sita walikuwa watu wazima wenye familia zao: fundi umeme, mwalimu, muuguzi, wafanyabiashara wawili na dereva mstaafu wa malori. Wa saba alikuwa kijana wa miaka 20, aliyepata leseni miezi minne iliyopita. Mama yake alikuwa amekuja kumsindikiza, kanga mabegani.

Mama huyo hakuwa ameipenda safari hiyo. Mwaka mmoja kabla, mtoto wa jirani yake alifuatana na rafiki zake kwa pikipiki kwenda Pangani. Alikuwa wa mwisho katika kundi, pikipiki yake ikiwa ndogo kuliko zote, na aliogopa kuachwa. Alipojaribu kulipita gari ili awafikie wenzake, alikutana na jingine. Alikaa hospitali miezi mitano.

Kilichomfanya mama akubali ni kwamba kiongozi wa msafara huu, yule fundi umeme, ni kaka yake wa tumbo moja.

“Kaka, huyu namkabidhi kwako,” alimwambia.

“Nimempokea,” kaka yake alijibu. “Ila na wewe nisaidie jambo moja. Usimpigie simu tukiwa njiani. Tutasimama Segera, Mombo na Lushoto. Kila tukisimama, atakupigia yeye.”

Mama akaomba kalamu, akaandika vituo hivyo vitatu nyuma ya risiti ya duka.

Dakika 15 kabla ya kuondoka

Kabla mtu hajawasha pikipiki, kiongozi aliwaita wote wasimame kwa duara. Kwanza walikaguana vyombo: upepo wa matairi, mnyororo, breki za mbele na nyuma, taa na vioo vya pembeni. Kofia ngumu zilikaguliwa mkanda kwa mkanda, kwa sababu kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kuwa kofia iliyo bora na kuvaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40, na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 70.

Kisha wakapangana. Kiongozi mbele. Nyuma yake kijana, kwa kuwa mgeni wa safari huwekwa mahali ambapo kiongozi anamwona kwenye kioo na kupunguza mwendo kwa ajili yake. Akiwekwa nyuma ndipo huanza kukimbizana na wenzake. Mwisho kabisa alikaa yule dereva mstaafu, mwenye uzoefu kuliko wote, akiwa amebeba pampu, viraka, spana, kamba na sanduku la huduma ya kwanza. Kazi yake ni moja: hakuna anayebaki nyuma yake.

Ishara walizokubaliana zilikuwa chache, zote za mkono wa kushoto, kwani wa kulia hushika mafuta na breki ya mbele. Mkono ukishushwa na kupepea, punguza mwendo. Kidole kikielekezwa chini, kuna shimo au mchanga. Kidole kimoja juu, kila mtu nyuma ya mwenzake. Kupiga tangi, mafuta yanaisha.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa. “Kila mmoja ana mtoto wake,” kiongozi alisema. “Mtoto wako ni yule aliye nyuma yako. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Usipomwona bado, simama mahali salama. Aliye mbele yako naye atakukosa, atasimama. Hivyo hivyo hadi kwangu. Hakuna atakayeachwa, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukimbia.”

Kijana aliuliza, “Mjomba, na nikiwachelewesha?”

“Mwendo wa msafara ni mwendo wako. Wewe ndiye saa yetu leo.”

Mkonge, machungwa na njia panda ya Segera

Barabara inayotoka Tanga hupita Pongwe na kuingia Muheza, wilaya inayojulikana kwa machungwa. Julai ni msimu wake, na pembeni mwa lami matunda yalikuwa yamepangwa mafungu mafungu juu ya meza za miti. Mbele zaidi mashamba ya mkonge yananyooka kwa mistari, na upande wa kulia milima ya Usambara ya Mashariki inaonekana ya bluu.

Kwenye barabara hii pana na iliyonyooka, pikipiki zilikwenda kwa mpangilio wa kupishana: kiongozi upande wa kulia wa njia yao, wa pili upande wa kushoto, wa tatu kulia tena. Mpangilio huo unampa kila mmoja nafasi ya kuona mbele na pa kukwepea shimo bila kumgonga mwenzake. Haumaanishi watu wawili kwenda bega kwa bega wakipiga soga.

Kati ya mtu na yule aliye mbele yake kwenye mstari huo huo paliachwa sekunde mbili. Kuzipima ni rahisi: wa mbele akipita nguzo, hesabu “elfu moja na moja, elfu moja na mbili.” Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hula takriban mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde mbili ni mita 44. Vijijini, ambako mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, walishuka hadi hapo au chini yake, maana watoto huvuka bila kutazama.

Segera ni njia panda. Ukitoka Tanga, kushoto ni Chalinze na Dar es Salaam, kulia ni Korogwe, Moshi na Arusha. Msafara ulikata kulia, lakini mwalimu, aliyekuwa wa nne, alipotazama kioo hakumwona muuguzi. Lori lilikuwa limeingia kati yao. Alisimama kando, mahali anapoonekana toka njia panda. Wa tatu akamkosa wa nne, naye akasimama. Baada ya dakika mbili muuguzi alitokea, akamwona mwalimu na kujua pa kukunja. Hakuna simu iliyopigwa wala mtu aliyegeuza pikipiki katikati ya mabasi.

Wakati wa kunywa chai, kijana alimpigia mama yake. Mama akaweka alama kwenye risiti.

Kona za Soni

Kutoka Korogwe hadi Mombo barabara inafuata miguu ya milima ya Usambara ya Magharibi. Mombo ni mji wa joto ambako mabasi ya kaskazini husimama abiria wapate chakula. Hapo njia ya Lushoto inachepuka kulia. Kwa nchi inayoendesha kushoto, kukunja kulia ni kukatiza magari yanayokuja, kwa hiyo kila mmoja alisubiri nafasi yake. Kiongozi kupita hakukuwa tiketi ya wa pili kupita.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini barabara inapanda takriban mita 1,000. Lami ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kona zinafuatana kama mkufu. Kiongozi aliinua kidole kimoja, mpangilio wa kupishana ukaisha, kila mtu akawa nyuma ya mwenzake kwa nafasi kubwa zaidi.

Kabla ya Soni walilikuta Fuso likipanda polepole. Palipokuwa peupe, kiongozi alilipita. Kijana alibaki nyuma ya moshi. Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Mbele, mjomba alikuwa amepotea kwenye kona.

Hapo ndipo kundi huua. Mtu haoni wenzake, moyo unamwambia fuata, na mkono unazungusha mafuta kabla macho hayajamaliza kazi. Kijana alisogea katikati ya njia kuchungulia, kisha akarudi kushoto. Sekunde chache baadaye basi dogo lilitokea kwenye kona, likiwa limekula sehemu ya upande wao.

Alikaa nyuma ya Fuso hilo hadi karibu na Soni. Mjomba wake alikuwa amesimama pembeni, injini imezimwa, kofia ipo mkononi.

“Nimekuweka sana, mjomba,” kijana alisema.

“Nilikuwa nasikiliza maji,” alijibu, akionyesha upande wa maporomoko ya Soni. Kisha akaongeza, “Mimi kupita ilikuwa hesabu yangu. Yako ungepiga mwenyewe. Naona umepiga.”

Simu ile ilikuwa ya rafiki yake, akimuuliza wamefika wapi.

Ukungu haujui duka

Lushoto, uliopewa jina la Wilhelmstal enzi za Wajerumani, uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Julai kuna baridi ya makoti. Jioni msafara ulifika Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Wamasai inatandazwa chini hadi macho yanachoka. Sokoni kulikuwa na kabichi, karoti na viazi, na wawili walijaribiwa kununua magunia. Kiongozi aliwakumbusha kuwa mzigo mzito nyuma hubadilisha tabia ya pikipiki kwenye kona. Kila mmoja akabeba kidogo.

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa umefunika mji. Mfanyabiashara mmoja alitaka waondoke saa 1, kwa kuwa dukani kwake kulikuwa na mzigo wa kupokea.

“Ukungu haujui duka,” alisema dereva mstaafu. “Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda.”

Kulikuwa na manung'uniko, lakini walisubiri hadi saa 3. Waliteremka kwa gia ndogo, injini ikiwashikilia, ili breki zisichemke. Mwendo ulipunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Walibaki upande wao wa kushoto na kupiga honi penye kona zisizoona mbele. Mombo walivua makoti, wakapiga simu nyumbani. Saa 9 alasiri walikuwa Tanga.

Mama alikuwa ameiweka risiti ile juu ya kabati, ina alama tatu za kwenda na mbili za kurudi. Mwezi uliofuata mwanawe alimwambia kuna safari nyingine, ya Pangani, na rafiki wa rika lake. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza: nani yuko mbele, nani yuko nyuma kabisa, mtasimama wapi, na jua likizama mtakuwa wapi?

Kijana alijibu maswali matatu. La nani atakuwa nyuma kabisa hakuwa na jibu lake.

“Basi kawaulize wenzako kwanza,” mama alisema. “Mkishampata, njoo uniambie jina lake.”