Jedwali Nililoliacha Wazi

Niliwaomba wenzangu, waandishi wa kujitegemea, waandike katika jedwali moja la mtandaoni udhaifu wa simu na kompyuta zao. Waliniamini. Nami nikaacha mlango wazi, na nilipogundua nikanyamaza.

Tulitaka kila mmoja apime hatari zake: analinda nini, anamhofia nani, jambo hilo lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litamgharimu nini. Nikaongeza safuwima za vifaa, maana kati yetu walikuwapo wa Windows, Mac, Linux na Android. Je, diski imefungwa kwa BitLocker, FileVault au LUKS? Sasisho la mwisho liliingia lini? Swali hili liliwabana zaidi wenye Windows 10, ambayo usaidizi wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025.

Shida ilikuja kwenye kulifungua jedwali, kwa kuwa lilikuwa la Google. Wapo waliokosa akaunti ya Google, yupo aliyezoea LibreOffice, na wengine walitegemea simu tu. Malalamiko yalinichosha, nikaruhusu yeyote mwenye kiungo aingie. Hapo vifaa vyote vikakubali, na watu wakajaza kwa uwazi ulionigusa sana. Dada mmoja aliandika kwamba anayemhofia ni mumewe, anayeijua namba ya siri ya simu yake. Safuwima zangu zote za mifumo hazikuwa na la kumsaidia, na yeye ndiye niliyemweka hatarini kuliko wote.

Jioni moja nikaona juu ya jedwali vipicha vya wanyama, alama ambayo Google huwapa wanaotazama bila kujitambulisha. Vilikuwa vingi kuliko sisi. Kiungo kilikuwa kimesambaa. Nikafunga ruhusa, nikafuta mstari wa yule dada, nikajiambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha: historia ya matoleo huhifadhi kilichofutwa, na nakala iliyokwisha kupakuliwa hairudi.

Siku ileile nilipaswa kumtafuta ana kwa ana, maana simu yake haikuwa salama. Aibu ikanizuia. Ilikuwa haki yake kuamua kama abadilishe namba, ahamie kwa ndugu zake au abaki kimya, na haki hiyo nilimnyima hadi nilipomwambia, nikiwa nimechelewa.

Sasa wenzangu wote wanajua, na faili lenyewe nimelifuta. Wewe uliyeandika hofu zako katika jedwali la namna hii, muulize leo aliyelitengeneza: nani anaweza kulifungua?