Mshipi Nilioupeleka Ikutha



Ndugu zangu wasomaji, anayetoka Mombasa kwa njia ya Nairobi huagana na bahari mapema, na akishaipita Voi huwa hana tena fikra ya samaki. Mtito Andei humpokea kwa vumbi na mibuyu, na Kibwezi kwa asali na mashamba ya mkonge. Hapo Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, ndipo nilipoteremka mwezi uliopita nikapanda matatu ya kwenda Kitui. Barabara siku hizi ni ya lami. Kabla ya kufika Ikutha huvuka Mto Athi, na mbele yako husimama ukingo wa Yatta, mgongo wa lava uliolala kama ukuta kwa karibu kilomita 300.

Mto huo si mgeni kwetu watu wa pwani. Ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, na hatimaye humwaga maji yake mekundu baharini kaskazini ya Malindi. Wenyeji wake nao ni jamaa wa zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu hadi pwani, na jina la Kivoi wa Kitui lilijulikana Mombasa.

Dada yangu ameolewa upande huo, si mbali na mto. Mwanawe ana miaka 14. Miezi kadhaa iliyopita alinipigia simu akasema, "Mjomba, nyinyi ni watu wa bahari, mnajua. Niletee mshipi mzuri wa kuvulia kambare." Nilifurahi kuombwa. Nilikwenda dukani nikaonyeshwa aina mbili. Moja ilikuwa nailoni ya kawaida, uzi mmoja mnene unaong'aa kama kioo. Ya pili ilikuwa uzi wa kusuka, nyuzi ndogo ndogo zilizofungamanishwa hata zikawa uzi mmoja mwembamba kama wa kushonea, na bei yake ilikuwa maradufu. Nikajiambia kwamba mtoto wa dada yangu hapewi cha rahisi. Nikalipia ule wa kusuka, nikampelekea kwa basi.

Wiki tatu baadaye dada alinipigia simu akilia. Kijana aliuzungusha uzi ule mkononi mara mbili, kama alivyozoea kufanya na kamba yake ya zamani. Kambare mkubwa akanasa na kupiga mbio kuelekea kwenye kina. Uzi ukazama katika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kijana akaburutwa hadi magotini majini, mahali ambapo kila mtu anajua kuna mamba. Mama yake alikuwa akifua karibu, akaja mbio na kisu akaukata. Alhamdulillahi, kijana yu hai. Basi safari yangu ilikuwa ya kumtazama mgonjwa niliyemsababishia jeraha mimi mwenyewe.

Sikuambiwa neno la lawama. Nilipikiwa muthokoi na mbaazi, nikatandikiwa mkeka. Lakini wakati wa Magharibi kijana alisimama kando yangu katika swala. Tulipokaa tahiyatu akakiinua kidole kile, nacho hakikunyooka. Kilibaki kimepinda nusu. Nilitoa salamu macho yangu yakiwa chini.

Asubuhi tulikwenda mtoni pamoja na bibi mmoja jirani, Mkamba, mfumaji wa vyondo. Alikuwa akitembea huku akisokota nyuzi za mkonge. Nilimwonyesha kipande cha ule uzi kilichobaki. Akaupitisha katikati ya vidole vyake, akasema, "Mwalimu, huu ni kisu. Mimi nikisuka ukanda wa kiondo huufanya mpana, kwa sababu mzigo mzito ukibebwa na uzi mwembamba humla mwenye kubeba." Nilikuwa nimesoma miaka mingi, lakini jambo hilo sikuwa nimelifikiri.

Na ndiyo hakika yake. Uzi wa kusuka una nguvu kuliko nailoni ya unene ule ule, tena haunyumbuki, kwa hiyo mvuvi husikia hata samaki akigusa chambo. Ila umetengenezewa fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu, si mkono mtupu. Ukisuguana na mwamba hukatika upesi, na Athi imejaa miamba. Nailoni hunyumbuka, hivyo huupunguza mshtuko wa samaki anapovuta. Huvumilia mawe zaidi, na unene wake huupa mkono mahali pa kushika. Aibu yake ni kwamba jua huidhoofisha, basi hufaa kukaguliwa na kubadilishwa. Marehemu baba yangu alivua kwa nailoni nene iliyozungushwa kwenye kibao, na kidoleni alivaa kipande cha mpira wa baiskeli. Hayo niliyaona utotoni kila siku, nikayasahau mbele ya bei.

Safari hii nilikuwa nimechukua nailoni ya milimita 0.8, kibao, na vipande vya mpira. Nilimfundisha kijana mambo mawili: uzi hauzungushwi mkononi kamwe, na havui peke yake wala hakanyagi maji. Dada akaongeza la tatu: "Na kipande kilichokatika hakiachwi ukingoni." Kwani mbuzi hula, ndege hunasa miguu, na nailoni haiozi upesi kama mkonge. Ndiyo maana nyavu za uzi mmoja wa nailoni zimepigwa marufuku nchini. Zikipotea majini huendelea kuua bila ya mwenye kuzivuta. Tulizunguka ukingoni tukaokota vipande, tukavitia katika kiondo cha yule bibi. Kuondosha udhia njiani ni katika imani, na ukingo wa mto nao ni njia.

Akina mama na akina baba, sote hupeleka zawadi kwa jamaa walio mbali: simu, dawa, viatu, nguo. Tusipime mapenzi kwa bei. Tuulize kwanza: huyu anaishi wapi, atakitumia vipi, na nani atakuwa karibu naye? Kumpa mtu kisichomfaa kunaweza kumdhuru, hata kama nia ni njema.

Siku ya kuondoka kijana alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza, "Mjomba, utarudi lini tukavue?" Nikamwahidi baada ya mvua, maji yakishatulia. Mwenyezi Mungu akilainishe kidole chake, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.