Kanada inapanga watu kwa pointi: tuelewe kabla ya kuuza kiwanja



Kandokando ya Boulevard de Libération, hapa katikati ya Bunia, kuna vyumba vidogo vya fotokopi na intaneti. Nje wamotari wanangojea wateja. Ndani vijana wenye diploma wanauliza njia ya Kanada. Wengine wamemaliza Université de Bunia, wengine wamesomea uuguzi Nyankunde. Vita vimechosha wazazi, na familia nyingine iko tayari kuuza ng'ombe au kiwanja. Kabla ya kuuza, tuelewe hesabu yenyewe.

Kwenye Exetat, mwenye asilimia 50 amepita. Kwa Kanada, kupita ni kuingia tu orodhani. Mtu aliyefanya kazi ya ujuzi ng'ambo anahitaji walau mwaka 1 wa kazi hiyo na pointi 67 kwa 100. Baada ya hapo mfumo wa Express Entry unafanana na buletini ya mtoto: kila mmoja anapewa pointi kwa jumla ya 1,200, wanapangwa toka wa kwanza hadi wa mwisho, na wanaoitwa ni wale wa juu.

Pointi zinatoka kwenye umri, masomo, lugha na kazi. Miaka 20 hadi 29 inapata pointi zote za umri; toka 30 zinapungua, na kwa 45 ni sifuri. Kifaransa chetu cha shuleni ni mali, lakini lazima kipimwe kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Anayefika kiwango cha 7 katika kusikia, kusema, kusoma na kuandika anaongezewa 25; akiwa pia na Kiingereza cha kiwango cha 5, anaongezewa 50.

Kinachopita vyote ni jimbo. New Brunswick au Manitoba ikimteua mtu kwa njia hii kwa sababu inahitaji kazi yake, anapata 600 kwa mara moja. Naye awe na nia ya kweli ya kuishi kule. Québec ina utaratibu wake. Na muuguzi ajue: hata akifika, bado ataomba ruhusa ya jimbo kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kufungua faili ya Express Entry ni bure. Malipo ya Serikali yanakuja mtu akiisha kuitwa. Kwa hiyo komisioneri akisema, "Leta dola, nitampandisha mtoto wako," mama, muulize: atapandisha pointi gani? Umri, diploma, lugha au kazi? Kama pesa ipo, ilipie kwanza masomo ya lugha.