Mkono Upi Ulianza?

Vilimani kwetu Ngara, mkoani Kagera, Tanzania, mtu akianguka kifafa watu walitawanyika. Waliogopa povu. Ilisemwa kwamba likikurukia, au ukikanyaga mkojo wa mgonjwa, nawe umeshakipata. Aliyeangukia motoni aliungua watu wakimtazama, na ndiyo maana sokoni ulimjua mgonjwa wa kifafa kwa makovu yake kabla hujaambiwa lolote. Mdogo wangu wa kike aliponea chupuchupu. Aliangukia mafiga, sufuria ya maharage ikapinduka, na bibi, ambaye hakuogopa povu wala kitu kingine, akamvuta miguu akamtoa.

Alianza kuanguka baada ya malaria kali, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wa Rwanda kufurika Rusumo mwaka 1994. Usiku kucha alishikwa na degedege. Homa ikashuka, akaomba uji, tukashukuru Mungu. Miezi ikapita, kisha siku moja, hana hata joto, akadondoka uani. Shangazi akasema ni mambo ya upande wa mama. Upande wa mama wakasema ni mizimu ya kwetu. Alichanjwa chale, akafukizwa, akavalishwa hirizi. Waliompeleka kwa waganga walimpenda, na walilipa mbuzi ambao hawakuwa nao wa kuchezea.

Degedege la homa huwapata watoto wadogo, na wengi wao hukua bila kifafa. Malaria inayopanda kichwani ni jambo jingine: inaweza kuacha jeraha kwenye ubongo, na jeraha hilo likazaa kifafa baadaye. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi umelionyesha hilo. Kwetu Kagera malaria ilikuwa maisha ya kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulikuta vimelea kwa watoto wapatao 41 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Ng'ambo ya mpaka, huko Kiremba kaskazini mwa Burundi, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walikuta chanzo kingine kikubwa: minyoo ya tegu ya nguruwe. Anayekula nyama yenye malengelenge isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai yanayotoka na kinyesi chake, yakifika kwenye maji, mboga au mikono ya mtu yeyote, hata asiyekula nguruwe kabisa, yakimezwa huanguliwa, na viluwiluwi vyake huweza kwenda kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Mzimu wa ukoo wetu haukuwa na kazi yoyote hapo.

Baba alipohamia Nyakahura, wilayani Biharamulo, kutafuta mashamba, ndipo mdogo wangu alipofikishwa kwa tabibu aliyebadilisha mambo. Hakuanza na dawa. Alimuuliza mama, "Nani alimwona akianza?"

"Tulimkuta ameshaanguka, daktari."

"Mkono upi ulianza kucheza? Macho yaligeukia wapi?"

Mama alinyamaza. Tabibu akakunja vidole vyake mwenyewe, akageuza shingo, akatuonyesha namna mbalimbali, moja baada ya nyingine, ili tuseme ipi inafanana. Hatukuweza. Akaandika fenobabitoni, kidonge cha usiku, akatuagiza tusiache dawa ghafla na tusimtie kijiko mdomoni. Tumlaze ubavu, tuondoe vitu vigumu karibu yake, tutazame saa. Na tuangalie mwanzo.

Tukaanza kuangalia. Ikadhihirika kuna vitu vilivyokuwa vikitokea mbele yetu siku zote. Utamkuta anapeta mchele, mara mikono inasimama. Macho yako wazi lakini hakuoni. Anatafunatafuna mate. Mkono wa kulia unachunachuna pindo la kanga, wa kushoto umejikunja na kukakamaa. Muda mfupi tu, kisha anarudi, anauliza nani ameunguza chakula, na hakuna moto uliowashwa. Mara nyingine alisema kuna kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni. Shuleni mwalimu mmoja alimchapa kwa hilo hilo, akidhani mtoto anamdharau. Na alipoanguka kabisa, mkono wa kushoto ulilegea hadi jioni. Mama akadhani amepooza.

Tulipompelekea tabibu maelezo hayo alifurahi kweli. Alitueleza kwamba hayo yote ni kifafa: umeme wa ubongo unavurugika kwanza sehemu moja, upande wa kulia, ndiyo maana mkono wa kushoto ndio unaoathirika. Ukisambaa ubongo mzima, mtu anaanguka, anakakamaa, anatikisika, anajiuma ulimi. Wapo pia watoto wanaotoweka kwa sekunde chache bila kuanguka, wanaoshtuka mikono asubuhi hadi kikombe kikadondoka, na wanaolegea ghafla wakaanguka chini. Dawa inayomfaa mmoja yaweza kumzidishia mwingine. Vidonge vya mwanzo vilikuwa vimepunguza kuanguka tu. Alipobadilishiwa kabamazepini, kule kuduwaa na kutafunatafuna nako kukapungua, kisha kukakoma.

Wakati huo sikujua kwamba kazi hii ya kuangalia ilikuwa na historia nchini kwetu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, na ni kwa kuwatazama watoto wa huko kwa subira ndipo akaandika habari za wale ambao vichwa vyao huinamainama kama wanaosinzia.

Siku hizi ndugu wa mgonjwa anatoa simu, anarekodi mwanzo wa tukio, na tabibu anaona mwenyewe. Mdogo wangu ana watoto wawili. Kabla ya kushika mimba alizungumza kwanza na daktari kuhusu vidonge vyake, kwa sababu vipo, hasa valproeti, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Majirani wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani humfuata kwa siri kuomba ushauri, na yeye huwapokea sebuleni mlango ukiwa wazi.

Kinachoniuma bado ni dawa kukatika. Mtu anatoka kijijini, anafika zahanati, anaambiwa arudi wiki ijayo, na kifafa kikikatiziwa dozi ghafla kinaweza kumshika mfululizo asizinduke. Zikipita dakika tano ni hatari, na hospitali iko mbali. Fenobabitoni imejulikana kuzuia kifafa tangu 1912, nayo ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa. Iwekwe kwenye kila zahanati, mwezi kwa mwezi, isikosekane.