Niemba na Magari ya Moshi ya Zamani

Wasomaji wetu wa Kigoma na Ujiji huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kila asubuhi iliyo safi, lakini ni wachache kati yao waliovuka maji na kuingia bara upande ule. Yeyote atakayevuka atafika Kalemie, mji ambao zamani uliitwa Albertville, kisha akifuata reli kwenda magharibi kiasi cha kilometa mia moja atafika Niemba. Ni mji mdogo, wenye jina la mto mmoja uingiao katika Lukuga. Msije mkauchanganya na Liemba, meli ya ziwa letu, ingawa habari zao, kama tutakavyoona, zinakaribiana.

Yafaa kuanza na mto Lukuga, maana reli ile isingalipita pale kama mto usingalitangulia. Ziwa Tanganyika lapokea maji ya mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ndio Lukuga, unaopeleka maji hadi Lualaba. Mlango huo una tabia ya ajabu. Maji ya ziwa yakipungua, huzibwa na mchanga na matete. Yakipanda, huubomoa mzibo na kutoka kwa nguvu. Cameron alifika hapo mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, wasikubaliane juu ya mwendo wake. Hata Thomson alipopita mwaka 1879 aliukuta ukienda kasi. Na watu wa Kalemie wanaijua tabia hiyo vizuri kuliko wasafiri wote hao, kwa sababu katika miaka hii ya karibuni, tangu 2020, ziwa limepanda na kuingia majumbani mwao.

Wajenzi wa reli waliufuata mto huo kwa kuwa ulikwisha kuwachongea njia katikati ya milima. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1902, na mwenye fedha alikuwa tajiri mmoja wa Ubelgiji, Baron Empain. Shabaha ilikuwa kuunganisha mto mkubwa na ziwa. Mahali mto ulipopitika walitumia meli. Mahali penye maporomoko waliweka reli. Hivyo walijenga kipande cha kwanza kutoka Kisangani hadi Ubundu, kilichofunguliwa mwaka 1906, kisha cha pili kutoka Kindu hadi Kongolo, na cha tatu, kilicho chetu leo, kutoka Kabalo hadi ziwani, kilometa 273. Hicho kilifika mwaka 1915. Kazi ya kukata vilima, kubeba mataruma na kugongomea misumari ilifanywa na mikono ya Waafrika. Vitabu vimehifadhi jina la tajiri na majina ya wahandisi; ya wale wengine hatukuyakuta.

Mwaka ule ule wa 1915 reli hiyo ilipata abiria wa ajabu, yaani mashua mbili za vita. Vita Kuu ilikuwa imefika kwetu, na Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli zao. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa bahari mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Katanga, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba na ng'ombe pamoja na mitambo ya mvuke yenye magurudumu makubwa. Zikateremka kwa mto hadi Kabalo, zikapandishwa tena juu ya mabehewa, na mwishoni mwa Oktoba zikafika ziwani kwa njia hii ya Niemba. Tarehe 26 Desemba waliiteka meli ya Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikaitwa Liemba, ikaendelea kusafiri kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipowekewa mitambo ya dizeli.

Sasa vijana watauliza: mvuke ni kitu gani hata uweze kuvuta mabehewa ishirini? Jambo lenyewe mwaliona kila siku jikoni. Sufuria ikifunikwa na maji yakachemka, kifuniko huinuka na kucheza. Katika injini ya mvuke sufuria ni pipa kubwa la chuma, limefungwa imara, na ndani yake mna mabomba mengi yanayopitisha moto katikati ya maji. Mvuke hukosa pa kutokea, hujaa nguvu, kisha hufunguliwa kuingia katika silinda, hapo husukuma pistoni mbele na nyuma, na fimbo ya chuma hugeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa gurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutoka kwa dohani, na huo ndio ule mhemo, chaka-chaka, ambao wazee huuiga kwa midomo wakiwasimulia wajukuu.

Injini ya namna hiyo ni mlaji mkubwa na mnywaji zaidi. Haiendi mbali bila kusimama kwenye tangi la maji. Katika njia ya Lukuga ilikula kuni. Meli za Lualaba nazo zilikula kuni. Fikirini, basi, ni miti mingapi iliyoangushwa, na ni mabega ya akina nani yaliyoibeba mpaka kando ya reli, ipangwe tayari kabla gari halijafika. Sisi twaona kwamba mwenye kuandika habari za reli akisahau wakata kuni ameandika nusu tu. Jirani zetu wa Angola, katika reli ya Benguela, walipanda misitu ya mikalitusi kando ya njia makusudi ili kulisha injini zao, jambo la akili.

Karibu na Kalemie yaliko machimbo ya makaa ya mawe, mahali panaitwa Makala. Msomaji wa Dar es Salaam atacheka, kwa kuwa kwake makala ni maandishi kama haya ayasomayo. Katika Kiswahili cha Kongo makala ni makaa, na mahali pale pamepata jina la haki kabisa.

Turudi kwenye reli. Kwa miaka arobaini upana wake ulikuwa mita moja, sawa na reli ya Kigoma na Dar es Salaam iliyofika ziwani Februari 1914. Kwa hiyo ziwa lilikuwa katikati ya ndugu wawili wa kimo kimoja: behewa la Kigoma lingevushwa kwa meli lingeweza kutembea mpaka Niemba. Mwaka 1955 upande wa Kongo ulipanuliwa kuwa milimita 1067, ili ulingane na reli za Katanga, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Tofauti haipiti upana wa vidole vinne. Lakini kwa vidole hivyo vinne ndugu wale waliachana, na mtu wa Niemba akapata njia ya chuma isiyokatika mpaka Lubumbashi, na kupita huko mpaka nchi za kusini.

Upana huo huo wa mita moja ulituletea wageni kutoka mbali sana. Reli za Burma, Siam na Malaya, huko kusini-mashariki mwa Asia, ni za mita moja. Wakati wa vita ya pili Waingereza waliagiza kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kitengeneze injini 20 za aina ya Garratt, yaani injini ndefu yenye pipa moja katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, ili iweze kupinda kwenye kona kali. Nyingi zilipelekwa Bara Hindi na Burma, na mbili zilikuja Kenya na Uganda mwaka 1945. Vita ilipokwisha, Reli ya Tanganyika ilinunua tisa kutoka Burma mwaka 1946, na mwaka 1952 Reli ya Afrika ya Mashariki ikaongeza tano. Kumbe chuma nacho kilirudi kutoka Burma kama walivyorudi askari wetu wa King's African Rifles, waliopigana kule mwaka 1944! Moja ya aina hiyo, namba 5505, ingali ipo Nairobi katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ndugu zake wakubwa nao wapo pale, wale wa aina ya 59 waliotengenezwa mwaka 1955 na 1956, wenye uzito wa tani 252 na majina ya milima yetu. Hizo zilikuwa injini kubwa kuliko zote duniani katika reli za mita moja. Wanafunzi wakipata nafasi ya kwenda Nairobi, wasimame kando ya gurudumu la ile iitwayo Mount Gelai, wapime kimo chao.

Huko Asia baadhi ya injini za zamani zingali hai. Katika Thailand, ndiyo Siam ya zamani, mara chache kwa mwaka, siku za sikukuu, huwashwa injini za mvuke zilizotengenezwa Japani, zikachukua watu kutoka Bangkok hadi Ayutthaya. Katika kisiwa cha Java, chenye reli za milimita 1067 kama za Niemba ya leo, mji wa Ambarawa una makumbusho, na hapo kuna injini zilizoundwa Ujerumani mwaka 1902 ambazo hupanda mlima kwa gurudumu la meno likishika reli ya tatu yenye meno vile vile. Viwanda vya sukari vya kisiwa hicho vilitumia kwa miaka mingi injini ndogo zilizochoma makapi ya miwa. Muwa ulipikwa sukari, na ganda lake likaenda kuleta muwa mwingine.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Eritrea. Reli ya Massawa na Asmara, kilometa 118, hupanda kutoka baharini mpaka juu ya mita 2,300. Vita viliiharibu, hata reli zenyewe zikang'olewa na kujengea mahandaki. Baada ya uhuru wa mwaka 1993 waliitwa wazee wa reli, wengine wamekwisha kupita miaka sabini, wakaja, wakafundisha vijana, wakazifufua injini za Kiitaliano za mwaka 1938. Mwaka 2003 njia ilifunguliwa tena. Wangalisubiri miaka kumi zaidi, wangalimwita nani?

Swali hilo latuhusu, maana Niemba nayo imepita katika moto. Mwaka 1960, miezi michache tu baada ya uhuru, nchi hii ilikuwa na vita kati ya askari wa Katanga na vijana wa Kiluba. Watu wa Niemba waliteswa na pande zote mbili. Tarehe 8 Novemba askari 11 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walitoka Niemba kwenda kutazama daraja lililovunjwa. Walivamiwa penye kijito cha Luweyeye. Tisa waliuawa, wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson. Husemwa kwamba waliowavamia waliwadhania kuwa askari wa Katanga au mamluki. Kule Ireland jina la Niemba halijasahauliwa mpaka leo, na wafu wale hukumbukwa kila mwaka. Wafu wa Kiluba wa siku zile nao wana mama zao, ingawa hawana jiwe.

Tangu mwaka 1974 reli iko chini ya shirika la taifa. Dizeli ilichukua nafasi ya mvuke, kisha vita ya 1998 ikasimamisha mwendo kwa miaka. Tena kuanzia 2013 ugomvi wa Watwa na Waluba ulichoma vijiji katika nchi ya Nyunzu na kuwafukuza watu wengi makwao. Na mahali ambapo barabara ni mbovu, mkulima mwenye mahindi na mihogo humtazamia nani ila gari? Ndiyo sababu watu hupanda hata juu ya magari ya mizigo, wakikaa juu ya magunia pamoja na watoto. Tarehe 12 Septemba 2019, kabla ya mapambazuko, gari la namna hiyo lililotoka Nyunzu likija Niemba liliacha reli mahali paitwapo Mayibaridi. Siku ile serikali ilitangaza wafu wapatao 50.

Mtu aliyempoteza ndugu yake Mayibaridi ana haki ya kutukasirikia akisikia twalilia injini kuukuu. Kwanza reli nzima na mabehewa ya salama, hilo hatulibishii. Hata hivyo twaona mambo haya mawili ni nyumba moja. Fundi ajuaye kwa sikio kwamba taruma limeoza, ajuaye kona ipi ya Lukuga husombwa na mvua, alifundishwa na mwingine aliyejua tangu siku za kuni. Elimu hiyo haikuandikwa. Iko vichwani mwa wazee wachache walioketi barazani Niemba, Nyunzu na Kabalo, na kila mwaka mmoja wao twamzika.

Basi ninyi wanafunzi mlio kando ya njia ile, chukueni daftari mwende kwa babu zenu. Waulizeni tangi la maji lilisimama wapi, kuni zilipangwa upande gani wa stesheni, mkata kuni alilipwa nini kwa mzigo mmoja, na gari la mwisho la mvuke walilisikia mwaka gani. Waulizeni pia majina ya wenzao waliokufa kazini, mkayaandike moja moja, pamoja na kijiji cha kila mmoja.